Unga wa Asubuhi wa Solange

Nilikuwa nimesimama mbele ya kabati la duka moja hapa Goma, kopo mkononi, simu ilipolia. Tifoidi ilikuwa imenikausha mwili, na daktari alikuwa ameniambia kwamba chai na mkate wa asubuhi haviwezi kumrudishia mtu wa umri wangu nyama zilizokwenda. Nitafute unga wa protini, niuongeze kwenye uji. Binti yangu Neema aliichukua kazi hiyo kwa moyo mmoja. Alikuwa akinisomea maandishi ya Kifaransa yaliyo mgongoni mwa makopo, moja baada ya jingine: hili ni la maziwa, hili la soya, hili la njegere, hili lina ladha ya vanila, na hili lenye picha ya kijana mwenye kifua kama mlango ni la watu wanaobeba vyuma. "Mama, chagua," alisema. "Tumbo iko yako." Ndipo simu ikalia. Sauti ilitoka mbali, Kashebere, ikikatikakatika, na ilichoniambia ni kwamba Mama Bitondo amefariki alfajiri, watamzika kesho yake. Nikalirudisha kopo kabatini. Neema aliponiuliza ni nani amekufa, nikaona aibu kwamba amekua, amesoma, amezaa, na sijawahi kumsimulia vizuri habari za mwanamke huyo. Barabara ya kwenda kule siku hizo haikuwa ya kupitwa na mtu anayetoka kuugua. Sikufika kilioni. Nikakaa nyumbani, nikaanza kuandika haya.

Sitaanza na baba yangu wala mama yangu, wala na namna tulivyotoka Ngungu. Watu wengi wa milima yetu wana habari kama hiyo, na zinafanana hadi msikilizaji anachoka. Itoshe kusema kwamba mwaka ule nilikuwa msichana aliyeacha shule kabla ya kumaliza, na mgongoni nilimbeba Solange, mtoto wa dada yangu marehemu. Umri wake ulikuwa wa kukimbia na kuuliza maswali, lakini hakukimbia wala hakuuliza. Kambini Lushebere alikuwa amepata bwaki, ule ugonjwa wa watoto wanaokosa chakula cha kujenga mwili: miguu ikamvimba hadi ikang'aa, nywele zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi, ngozi ikachunika. Wauguzi wa pale walimpigania kwa maziwa yao na pakiti zao hadi uvimbe ukashuka, akabaki hai. Kisha vita vikatufuata. Tukakimbia tena, tukapita Nyabiondo kwa miguu, tukaingia upande wa Walikale mvua ikitupiga. Mahali fulani katika njia hiyo Solange aliacha kusema. Sijui ni wapi. Nilidhani analala tu mgongoni. Tulipofika Kashebere ndipo nilipotambua kwamba ni muda mrefu sijasikia sauti yake.

Kwetu Ngungu jicho huenda mbali. Unasimama kwenye shamba la maharage, unaona mlima, na nyuma yake mlima, na moshi wa mtu usiyemjua akipika chakula chake. Kashebere jicho liligonga miti na kurudi. Miti ile ilinitisha kwa ukimya wake na urefu wake. Nilipoinua kichwa kutafuta mwisho wa mmoja, shingo iliniuma kabla sijauona. Tulikuwa tumekaa kwenye baraza la kanisa pamoja na wakimbizi wengine, nguo zikitukaukia mwilini, wenyeji wakipita kuangalia nani wanaweza kumchukua. Mwanamke mmoja mfupi, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alisimama mbele yetu akamtazama Solange kwa muda mrefu.

"Huyu mutoto iko wako?" akaniuliza.

"Wa dada yangu."

"Na dada iko wapi?"

Nilimfunika mtoto vizuri kwa kitenge. Akainama, akachukua kifurushi chetu.

"Basi iko wako," akasema. "Tuende. Moto yangu inazimika."

Huyo ndiye Mama Bitondo. Alitupa jiko lake tulale humo, kwa sababu nyumba kubwa ilikuwa imeshajaa wageni wengine, nami hadi leo nikifumba macho naweza kuzunguka ndani ya jiko lile bila kugonga kitu. Kuta zilikuwa za miti na udongo, nyeusi kwa masizi na zenye kung'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Mafiga matatu katikati. Juu ya moto, kichanja cha fito ambako vitu vilikaushwa kwa moshi: mahindi ya mbegu, uyoga, mikia ya samaki wa mtoni, na vifurushi vya majani nilivyoogopa kuuliza vina nini. Mama Bitondo na mume wake, Papa Kubuya, walikuwa watu wa msituni. Yeye alilima muhogo na ndizi, mume alilima pia lakini alijulikana zaidi kwa mitego yake. Wote wawili walikuwa Wakristo, waliimba Jumapili kama sisi. Lakini Papa Kubuya hakuingia msituni bila kusema maneno kidogo kwanza, mdomo ukitembea, kofia mkononi, na hakuna aliyemuuliza anamwambia nani.

Asubuhi ya kwanza Mama Bitondo alikoroga uji wa muhogo na mahindi kidogo, akatumiminia katika vikombe vya bati. Wangu niliumaliza kabla haujapoa. Solange alishika kikombe chake kwa mikono miwili, akaangalia ndani yake kama mtu anayeangalia kisima, na akakaa hivyo mpaka uji ukafanya ngozi juu. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikamtishia. Alikunywa mafunda mawili, akafunga kinywa. Ikawa hivyo kila siku. Mchana alikula kipande cha bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akilazimishwa. Jioni alilala mapema kama mzee. Mama Bitondo alimchukua tu kila alipokwenda, kisimani, shambani, kwa jirani, akimweka chini karibu na miguu yake na kumsemesha mfululizo kwa Kinyanga, lugha ambayo mtoto hakuijua wala mimi. Nilimwambia siku moja, "Mama, hakusikie luga yenu." Akasema, "Hata kuku hasikie, na namusemesha."

Jioni, baada ya kula, nilikuwa nasikia yeye na mume wake wakizungumza kwenye kibaraza. Kinyanga chao kilipita juu yangu kama maji, lakini jina la mtoto nililikamata. Solange, tena Solange, kisha sauti ya mume ikipinga. Chakula chao kilikuwa kinapungua, nilikuwa naona kwa macho yangu. Matuta ya muhogo yaliyotakiwa kulisha nyumba moja yalikuwa yanalisha tatu. Nikajua wanajadili namna ya kutuondoa kwa upole. Nilianza kufikiria ni baraza gani jingine tutalalia, na nilijua kwamba mtoto yule hataivuka mvua nyingine.

Ndipo nilipompeleka santre, kituo cha afya cha pale. Muuguzi mkuu pale alikuwa Papa Anselme, mtu mrefu, mpole, aliyevaa makoti mawili kwa sababu malaria ilikuwa haimwachi naye. Alimzungushia Solange ile kamba ya rangi tatu ya kupimia unene wa mkono, akabonyeza miguu yake kwa kidole gumba kuona kama shimo linabaki, akaangalia ulimi, akaangalia nywele.

"Njano," alisema. "Kama ingekuwa nyekundu, leo leo ningemutuma hospitali. Lakini anakawia sana mu njano, na mu njano muntu haijenge nyumba. Asubuhi anakula nini?"

"Uji, Papa."

"Uji ya nini?"

"Muhogo. Na mahindi kidogo."

Akatikisa kichwa. "Ile ni udongo mutupu. Ukijenga nyumba na udongo bila miti, itasimama? Huyu mutoto munamupatia udongo kila siku, na asubuhi njo saa tumbo yake iko wazi. Mutafute miti."

Zamani santre ilikuwa inapokea magunia ya unga uliochanganywa tayari, lakini malori hayakuwa yakipita tena. Kwa hiyo Papa Anselme aliwaita akina mama wote, wakimbizi na wenyeji, tukakaa kwenye mabenchi ya chumba cha kupimia watoto, chumba chenye rangi ya buluu nusu ukuta na harufu ya sabuni. Juu ya meza aliweka visahani vitatu. Cha kwanza kilikuwa na unga wa soya, wa manjano, wenye harufu ya karanga. Moyo wangu ulienda hapo mara moja, kwa maana huo niliujua tangu nyumbani. Cha pili, unga wa ndagala, yaani dagaa, wa kijivu, unaonuka hata ukiwa mbali. Cha tatu kilikuwa na unga wa rangi ya kahawia, laini sana, wenye harufu ya moshi. Alipita na kijiko, akitupa kila mmoja kidogo kwenye kiganja.

"Yote tatu inajenga," alisema. "Siko na mabishano juu ya ile. Mujiulize vitu mbili tu. Ya kwanza, mutoto wako atakubali kumeza gani? Ya pili, barabara ikifungwa, gani mutaendelea kupata? Soya mukaange iive muzuri, mbichi inaharibu tumbo. Ndagala muoshe muchanga yote. Na hii ya tatu, kama mutoto hajazoea, mumupatie kidogo kwanza, mungojee, muangalie kama ngozi inamuwasha."

"Hii ya tatu ni nini?" aliuliza Mama Jeannette. Huyu alitoka Masisi, alikuwa kiongozi wetu sisi wanawake wakimbizi na sauti ya kwanza katika kwaya, mwanamke mwenye mgongo ulionyooka hata njaani.

"Viwavi," alisema Papa Anselme. "Mbinzo, kwa Kilingala."

Chumba kizima cha watu wa milima kilipangusa viganja kwenye vitenge. Mama Jeannette aliweka mikono juu ya magoti.

"Papa, tunakuheshimia," alisema. "Lakini sisi mududu hatukule. Na bantu banasema ile miti ya viwavi iko na mambo ya bazimu. Mimi siwezi kulisha batoto bangu vitu vya bazimu."

Nilimwangalia Mama Bitondo. Nilitarajia akasirike. Alikuwa ameegemea ukuta, amemweka Solange katikati ya magoti yake, na alijibu taratibu kama mtu anayetoa maelekezo ya njia.

"Mama Jeannette, hata mumea ya muhogo iko na sumu, na ulijifunza kuitoa. Hatukulazimishe. Ukisikia njaa utatuita."

Nilichagua soya. Mama mmoja mwenyeji aliniuzia kidogo, nikaichambua, nikaikaanga hadi ikabadilika rangi, nikaitwanga, nikaichunga, na jiko lote likanuka Ngungu. Solange aliinywa. Aliinywa si kwa furaha, lakini aliinywa, na kwa muda nikaanza kulala vizuri. Kisha soya ikaisha. Nilizunguka kijiji kizima nikiuliza. Mashamba yaliyokuwa yanaitoa yalikuwa upande wa pili wa mahali ambapo watu walikuwa wanapigana, na huko hakuna aliyekwenda. Nikajaribu ndagala. Mfanyabiashara mmoja alifika nazo kwa pikipiki, matope hadi shingoni. Niliziosha na kuziosha tena, bado zilikuwa na mchanga, na kikombe kilipomkaribia Solange aligeuza kichwa, akaziba pua kwa mikono yote miwili. Nikamshika kwa nguvu nikamlazimisha. Akatapika kila kitu, hata kile cha jana. Nilikaa kando ya moto wa Mama Bitondo nikiwa nimemkumbatia, mgongo wake mfupi ukihesabika mifupa chini ya vidole vyangu, na nikaona kwamba njano ile ina mwisho, na upande wa mwisho wake ni mwekundu.

Mama Bitondo aliingia na mzigo wa kuni. Alituangalia, akaweka kuni chini.

"Vimeshuka," akasema. "Viwavi. Papa Kubuya aliviona leo. Kesho utakuya na sisi, wewe na mutoto. Sikwambie umupatie. Ukuye uone tu."

Kesho yake tuliingia msituni. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile. Nimeona ziwa likiwa jekundu kwa mwanga wa mlima wa moto, nimewaona watoto wangu wakizaliwa, na bado sijui kama kuna kitu kilichonikamata namna ile. Tulitembea chini ya miti mpaka jua likabaki vipande vipande juu ya majani. Papa Kubuya alikuwa mbele na panga, mimi nyuma, Solange kwenye mgongo wa Mama Bitondo. Ghafla nikasikia mvua. Niliisikia wazi, mvua nyembamba inayoanza, ikigonga majani makavu ya chini. Nikainua mkono kuipokea, mkono ukabaki mkavu. Nikaangalia juu; mbingu kati ya matawi ilikuwa safi. Mvua iliendelea kusikika.

"Iko nini?" niliuliza.

"Njo wao," alisema Papa Kubuya. "Banakula."

Yaliyokuwa yakianguka ni mavi yao, punje ndogo kavu, kutoka juu kabisa ambako jicho halifiki. Juu ya hayo kulikuwa na sauti nyingine, ya chini zaidi, kama watu wengi wanaosugua karatasi kwa uangalifu: sauti ya vinywa visivyohesabika vikitafuna mti mzima. Tulifika chini yake. Ulikuwa mti mkubwa kuliko kanisa la Kashebere, na matawi yake ya upande mmoja yalikuwa uchi, majani yameisha. Kwenye shina viwavi vilikuwa vinashuka kwa safu, vinene, vya kahawia, kila kimoja kikimfuata mwenzake bila kusukumana, vikija chini kama watu wanaotoka misa. Vilikuwa vinashuka vyenyewe. Hakuna aliyevipanda, hakuna aliyevilisha, hakuna lori lililovileta, na hakuna mtu wa bunduki ambaye angeweza kuvifungia barabara. Nilisimama pale, mtu wa milima, mtoto wa jembe, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kula kitu ambacho mgongo wa mtu haukuumia kwa ajili yake. Nilipiga magoti, sijui kwa nani. Papa Kubuya alivua kofia. Alichukua vile vya kwanza alivyovikamata, akaviweka juu ya jani kwenye mizizi ya mti, akasema maneno yake kwa sauti ndogo, kisha akafanya ishara ya msalaba na kuvaa kofia. Siku ile sikuona kwamba vitu hivyo viwili vinagombana.

Tulipokuwa tunaokota, Mama Bitondo alinisogelea. "Huu muti ni wa baba yake," alisema, akimwonyesha mume wake kwa kidevu. "Kila mwaka tunauzisha vyote kwa batu ba barabara. Tunapata chumvi, sabuni, nguo. Mwaka huu tumebishana sana. Mimi nilisema hatuuzishe, tutawekea mutoto. Yeye alisema nusu. Nikamwambia mutoto hakue nusu." Akacheka peke yake, akaendelea kuokota. Nami nikaelewa kile nilichokuwa nakisikia kibarazani jioni zote zile. Sikuweza kuinua uso wangu kwa muda.

Walinifundisha kazi yake. Unakibana kiwavi kutoka kichwani kwenda mkiani, majani yaliyo tumboni yanatoka. Unaviosha katika maji mengi, unavichemsha na chumvi, unavitandaza kwenye kichanja juu ya moshi mpaka viwe vigumu kama vijiti, halafu juani, halafu kwenye kinu. Mchi ulipoanguka mara ya kwanza vilivunjika kwa sauti kavu. Nilitwanga na kuchunga, nikarudisha makapi, nikatwanga tena, na kilichobaki kwenye lungo kilikuwa unga laini kuliko unga wowote niliowahi kuugusa, ukishika vidole kwa mafuta yake. Mama Bitondo alikaa upande wa pili wa moto. Hakunisukuma. Nilichukua kijiko kidogo, nikakoroga katika uji wangu mwenyewe, nikafumba macho nikameza. Nilitegemea kitu cha kutapisha. Nilikuta ladha ya uyoga wa kuchoma, na nyuma yake karanga, na nyuma ya karanga moshi wa jiko lile lile nililokuwa nalala. Nilikunywa kikombe chote. Nikasubiri hadi mchana nione mwili wangu utasema nini. Haukusema kitu, isipokuwa njaa ilichelewa kuja.

Asubuhi iliyofuata niliweka wa Solange, kidogo sana, kama Papa Anselme alivyosema. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akaangalia ndani. Akanusa. Nadhani aliijua harufu ile, maana ilikuwa harufu ya kifua cha Mama Bitondo, kitenge chake, nywele zake. Akanywa. Akapumua, akanywa tena, na aliposhusha kikombe kulikuwa na mstari wa kahawia juu ya mdomo wake. Nilimkagua ngozi yake siku nzima, mikono, shingo, tumbo, hadi akachoka na mimi. Hakuwashwa. Kesho yake tukaongeza. Baada ya muda kijiko kikajaa, naye akawa anasimama mwenyewe karibu na mafiga kabla uji haujaiva.

Mabadiliko hayakuja kama muujiza wa mahubiri. Yalikuja kama nyasi zinavyoota, huzioni zikiota. Siku moja nilikuwa namsuka nikaona kwenye mizizi ya nywele zake weusi mdogo, kama kivuli. Siku nyingine alinisukuma nilipotaka kumbeba, akatembea. Papa Anselme alipomzungushia kamba tena aliivuta, akaizungusha upya kama mtu asiyeamini kamba yake. "Kijani," akasema, na akavua koti moja, akakaa. Baadaye akaniomba niende na kinu changu santre niwaonyeshe wengine. Wanawake wa milima walikuja kwa aibu, kila mmoja akisema amekuja kusaidia kutwanga tu. Mama Jeannette alikuja mwisho. Mjukuu wake mdogo alikuwa ameanza kuwa mwekundu nywele. Alinyoosha kikombe, mgongo wake ukiwa umenyooka vilevile.

"Uniwekee kidogo," alisema. "Lakini usiniambie iko nini."

"Ni unga, Mama," nilimwambia.

"Njo vile. Ni unga." Akaondoka akiwa amekifunika kikombe kwa kiganja.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado. Solange alikuwa na nyama mashavuni, alikuwa na miguu ya kukimbilia, lakini sauti haikurudi. Papa Anselme alisema masikio yake ni mazima na koo ni zima, tungoje. Nilikuwa namsemesha Kihunde chetu kila siku, nikimtajia vitu vya nyumbani, ng'ombe wa jirani, mto, jina la mama yake, na aliniangalia kwa macho ya kuelewa, akafunga kinywa. Nilianza kuzoea. Nilijiambia kwamba Mungu amerudisha kikubwa, hiki kidogo nisimdai.

Asubuhi moja mwishoni mwa msimu ule nilikuwa nje nikianika nguo kwenye ua wa matete. Mama Bitondo alikuwa amekwenda kuchota maji, Solange alikuwa ndani ya jiko na kikombe chake. Nikasikia mtoto anasema. Nilidhani ni mtoto wa jirani. Ilikuwa sauti ya kukwaruza kidogo, ya kukasirika, inayopanda na kushuka, na ilikuwa inasema Kinyanga. Nikaweka nguo chini nikasogea kwenye mlango. Solange alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe amekibana kifuani, na mbele yake kuku mwekundu wa Mama Bitondo amenyoosha shingo kuelekea uji. Mtoto alikuwa anamgombeza. Sentensi ilifuata sentensi, ndefu, zenye mapumziko na mkazo, mkono mmoja ukipunga hewani, namna ileile Mama Bitondo anavyopunga wake. Sikuelewa neno hata moja.

Mama Bitondo alinikuta nimesimama hapo. Alifungua kinywa kuniuliza, kisha naye akasikia, na bidoni ya maji ikateremka taratibu kutoka kichwani mwake hadi chini bila kumwagika.

"Anasema nini?" nilimnong'oneza.

Alisikiliza kwanza. Machozi yalikuwa yanamshuka na mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia.

"Anamwambia, wewe uko na miguu, enda msituni utafute vyako. Hivi ni vyangu. Anasema hivi viliniangukia mimi."

Nilikimbia kumwita Papa Anselme, nikamkuta njiani akiwa na Mama Jeannette, nikawaambia waje tu. Walikuja. Papa Kubuya alitoka nyuma ya nyumba na kofia mkononi. Tukasimama wote kando ya ukuta ule wa udongo, wa milima na wa msitu, wengine wanaoelewa na wengine wasioelewa, wala hakuna aliyeingia. Tukamsikiliza akimweleza kuku mambo yote aliyokuwa ameyanyamazia.